Mlingoti au Machela

Mlima ulianza kuteremka wao wakiwa wanapanda, na ile barabara haikuchongwa kwa wakubwa wawili kupishana.

Kwenye usukani alikuwa dereva waliyemwita Debe, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kifuniko. Pembeni yake alikaa Kichuguu, fundi wa minara, mjane wa kaka yake Debe: mwanamke mfupi, mpana, ambaye ukimgonga unaumia wewe. Kiti cha nyuma, amebanwa na marobota ya kebo, alikuwemo Mpimaji, kijana mrefu mwenye miwani minene. Alisema maneno machache, na hayo machache mengi yalikuwa namba.

Walikuwa wanakwenda kusimamisha mlingoti wa mtandao mgongoni mwa mlima, ili bonde la upande wa pili, lenye zahanati moja na simu zinazotumika kama saa tu, liunganishwe na mji ulioko mashariki, ng'ambo ya nyika. Saiti walikwisha kuichagua. Mwezi uliopita, jua likichoma, walifika mpaka kileleni wakakuta jabali jeupe, pakavu, pasipo mti, na mji unaonekana mbali kama chumvi iliyomwagika. Mpimaji akapaka alama ya rangi nyekundu. Mafundi wa mjini nao wakafunga sahani yao ya mawimbi juu ya mnara, wakaielekeza palepale.

"Saiti kama hii unaiposa kabisa," Kichuguu alisema siku ile. Lakini hata mchumba huchunguzwa mvua inaponyesha kwao, na hilo hawakulifanya.

Sasa mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na maji yalikuwa yanavuka barabara bila kuomba njia.

"Shemeji," Kichuguu alisema, ameshika dashibodi, "hii barabara inatembea."

"Barabara kazi yake nini, shemeji? Si kwenda?"

Hakupata nafasi ya kucheka utani wake. Ukingo wa juu ulikohoa, kisha ukaja wote, udongo, mawe na mti mzima uliosimama wima kama abiria. Gari likasukumwa ubavuni, likazunguka, likalala. Kichuguu aliona anga, akaona matope, akaona anga tena, halafu akaonja damu.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha mvua peke yake.

Gari lilikuwa limeegemea mwamba. Nusu ya nyuma, kule kwa mizigo, haikuwepo. Ilikwenda korongoni na simenti yote, na barabara waliyopandia ilikuwa imekwenda nayo. Debe alikuwa amebanwa mguu kati ya mlango na usukani. Walichukua bomba moja la mlingoti, wakalipenyeza, Kichuguu akalikalia na uzito wake wote, chuma cha mlango kikalia, Debe akalia zaidi ya chuma. Walipomtoa, mguu wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo, na paja lilikuwa limechanika.

"Usiangalie," Kichuguu alimwambia.

"Wangu au wako?"

"Nyamaza, nifunge."

Alichana shati lake la ndani, akalibana kidondani mpaka damu ikachoka. Mguu akauwekea mpini wa koleo upande mmoja na kipande cha ubao upande wa pili, akazungushia nguo, akakaza kwa mikanda ya plastiki ya kufungia kebo. Debe aliuangalia ule mguu akasema amefungwa vizuri kuliko minara yote aliyowahi kumwona shemeji yake akiifunga. Kisha akazimia kidogo, kwa adabu, bila kelele.

Mpimaji alikuwa amepiga magoti anapapasa matope.

"Miwani yangu."

"Vidole vingapi hivi?"

"Naona mkono," alisema. "Au tawi."

Walikusanya kilichosalia: mabomba mawili ya chuma, sahani, redio yake na kisanduku cha kugawia mtandao, betri moja, kipande cha kebo, turubai, panga, kamba, dira, na chupa ya maji iliyobaki robo. Simu zilikuwa nzima lakini zilikuwa hazioni kitu. Ndiyo maana walitumwa.

"Kushuka hakuna," Mpimaji alisema, uso wake mtupu bila ile miwani, kama mtoto aliyeamshwa. "Mjini wanatutegemea kesho kutwa, hawataanza kutushangaa mpaka siku ya tatu. Kitu pekee kinachotutazama sasa hivi ni ile sahani ya mjini, na inatazama jabali. Tukifika jabalini na redio hii, tunaongea."

"Mgonjwa hushushwa, Mpimaji. Hapandishwi."

"Najua, mama."

Kichuguu alimwangalia shemeji yake aliyelala na mvua inamwingia mdomoni. Alikwisha kumzika mume. Mdogo mtu huyu ndiye aliyebaki kumwita kwa jina la utani la nyumbani, ndiye aliyelipaka rangi paa lake bila kuombwa, akakosea rangi. Akaona kwamba ule mguu ukikaa siku tatu kwenye matope utaoza, na mwenyewe ataufuata.

"Njia ipi?"

"Kutoka kona hii mpaka jabali ni kaskazini tupu. Nilipima mwenyewe. Lakini dira utasoma wewe, mimi sindano siioni."

Walipitisha yale mabomba mawili kwenye pindo za turubai, ikawa machela. Wakamlaza Debe, wakampakatisha betri, redio na kisanduku vilivyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, sahani wakamwekea tumboni. Kichuguu akaivaa dira shingoni, akashika mabomba mbele. Mpimaji akashika nyuma, kipofu anayefuata punda.

Wakaanza kupanda.

Ukungu ulishuka ukawafunika kama shuka la hospitali. Kichuguu hakuona zaidi ya kichaka kilicho mbele yake. Alikuwa anaitazama sindano inayocheza kifuani, kati ya mikono yake miwili, akaifuata. Majani yenye makali yalimkata mapaja. Viatu vilivuta matope, matope yakavuta viatu, na mara nyingine matope yalishinda. Kila walipofika penye mwinuko mkali walimweka mgonjwa chini, wakapanda nusu wakamvuta kwa kamba, wakateremka kufuata pumzi zao walizoziacha kule chini.

"Kaskazini?" Mpimaji aliuliza.

"Kaskazini."

"Bado?"

"Mpimaji, kaskazini haihami."

Debe alikuwa anawatia moyo kwa namna yake. Alisema hajawahi kubebwa tangu atoke mgongoni kwa mama yake, na mama yake hakuwa anahema hivi. Alisema kama wanataka kupumzika wampe machela yeye, awabebe wao. Sahani iliyokuwa tumboni mwake ilikusanya mvua, nao walipokuwa na kiu waliinama wakainywa humo, yenye ladha ya rangi na bati.

Usiku uliwakuta chini ya mdomo wa mwamba, wakaupitisha wameegemeana kama magunia.

Asubuhi Debe alikuwa wa moto, na alikuwa ameacha kuongea. Kichuguu alimtania kwa makusudi, akamwambia mke wake sasa atapata mume mwingine, mwenye miguu miwili. Debe akafumbua macho, akayafumba. Hapo ndipo Kichuguu alipoogopa. Debe likinyamaza, ujue limejaa kitu.

Walimbeba tena. Mikono ya Kichuguu ilikuwa imekwisha kufa ganzi. Vidole alivikunja kwenye bomba kama mtu anayekunja waya, vikabaki hivyohivyo. Jua lilipokuwa mahali fulani juu ya ukungu, ardhi ikaacha kupanda. Mbele palikuwa na miti iliyoinama kwa upepo, na baada ya miti hapakuwa na kitu. Genge. Jiwe lililosukumwa na mguu wake lilikwenda, na hakusikia lilipofika.

"Tumefika?" Mpimaji aliuliza. "Jabali liko wapi?"

"Hakuna jabali. Kuna miti."

"Jabalini hakuna miti."

"Basi hatujafika jabalini, Mpimaji, tumefika mitini."

Waliweka machela chini. Kichuguu aliondoka kwenda haja, maana hata anayekufa ana haja zake, akatembea mpaka nyuma ya kichaka akachuchumaa. Dira ikaning'inia mbele ya pua yake. Sindano ikageuka, taratibu, kama mtu mzima anayegeuka kitandani, ikatulia kwingine kabisa.

Akaigonga kwa kucha. Ikarudi palepale. Akasimama kabla hajamaliza vizuri, akaenda mpaka kwenye machela akaishika kati ya mabomba mawili. Sindano ikahama. Akarudi kichakani. Ikahama tena.

Chuma. Njia nzima, tangu kona ile, alikuwa ameisoma dira katikati ya mapande mawili ya chuma. Amefunga minara maisha yake yote. Kila alipoelekeza sahani aliwafukuza watu wenye spana mfukoni wasisogelee dira. Na jana alijitia chuma kulia na kushoto, akamwambia kijana kwamba kaskazini haihami.

Mpimaji alikuwa haoni. Debe alikuwa hasikii. Angeweza kusema ukungu umewapoteza, na ukungu usingebisha.

"Nimewapoteza mimi," alisema. "Mabomba yalikuwa yanavuta dira. Tumekwenda mashariki sana. Sijui kiasi gani."

Kichuguu akangoja atukanwe.

"Na mimi nilikuwa nimeshika mabomba hayohayo nyuma," Mpimaji alisema. "Nina shahada ukutani."

Sauti nyembamba ikatoka kwenye turubai. "Na mimi nilikuwa nimelala juu yake," Debe alisema. "Sote wasomi." Akafumba macho tena.

Kurudi nyuma kulifuata jabali hawakuweza. Kichuguu aliinua ncha ya machela kujaribu, ikapanda shubiri moja ikarudi chini. Mpimaji aliinama, akajishika kichwa kama anayetafuta kitu alichokiweka humo.

"Mama, tochi ukiimulika karibu, mwanga ni kama sahani ya chakula. Ukiimulika mbali?"

"Unapanuka."

"Mji uko mbali sana. Mawimbi ya sahani yao yakifika huku yamekuwa mapana kuliko kijiji. Si lazima tuwe juu ya jabali. Inatosha tuwe kwenye mwanga wake, na tuwe tunaonana na mji, katikati kusiwe na kilima."

"Tutajuaje tunaonana na mji, na ukungu huu?"

Hilo hakulijua. Akasema jingine, na lilikuwa zito zaidi. "Na sahani lazima ipande juu ya miti. Tutahitaji mabomba yote mawili."

Wote wawili wakayatazama mabomba. Yalikuwa yamepita kwenye turubai, na juu ya turubai alikuwa mtu. Hawakuwa na mengine, na miti ya pale ilikuwa imepinda kama mikunjo ya nywele, haitoi hata mpini wa mita moja. Wakiyachomoa, mlingoti utasimama na Debe hatabebeka tena. Mikono iliyobaki ilikuwa ya kazi moja tu. Popote watakapoyachomoa, ndipo watakapokaa, na kama hapaonani na mji, ndipo watakapomzika.

"Chagua saiti, mama," Mpimaji alisema. "Macho ni yako."

Kichuguu alikwenda peke yake ukingoni mwa genge, ameshika matawi, dira ikiwa shingoni na panga ameliacha nyuma. Aliutazama ukungu. Ukungu ukamtazama. Akavuta pumzi, akapiga ukelele wa mwanamke anayemwita mtoto aliye mtaa wa tatu.

"Weeeeh!"

Mashariki ikamjibu upesi: weeeh. Kuna ukuta wa mwamba mbele, karibu. Akasogea kandokando ya genge mpaka penye udongo mwekundu uliotanuka vizuri, pazuri pa kuchimba, akaita tena. Jibu lilichelewa, lakini lilikuja. Tena ule udongo ulikuwa unabonyea chini ya kisigino, na maji yalikuwa yanapita chini yake yakinong'ona. Jana alikwisha kuona udongo wa namna hiyo unavyosafiri.

Akaendelea, mara anatembea, mara anatambaa. Genge likajitokeza likawa kama bega la ng'ombe, chini kidogo ya pale walipokuwa. Si kilele. Mtu mwenye kutafuta saiti angepita bila kupaangalia. Lakini lilikuwa mwamba mtupu wenye ufa katikati, maji yanatiririkia pande zote mbili wala hayatuami, na nyuma yake palikuwa na pango dogo la kumweka mtu mbali na mlingoti, radi ikija isimkute. Upepo ulimpiga usoni moja kwa moja, haujavunjwa na kitu.

Akaita. Sauti ikaondoka. Akangoja. Akaita tena kwa nguvu aliyokuwa ameiweka akiba ya kilio. Ikaenda nayo, haikurudi.

Akarudi kwa magoti.

"Kuna mti mbele?" Mpimaji aliuliza.

"Mmoja. Nitaukata."

"Ardhi?"

"Mwamba wenye ufa. Bomba litakaa."

"Una hakika, mama?"

"Jana nilikuwa na hakika," Kichuguu alisema. "Leo nina bega la mlima tu. Shika."

Walimburuta Debe mpaka pangoni kwa turubai, na kila jiwe alilopita lilimtoa mlio mdogo. Pale Kichuguu akainama, akachomoa bomba la kwanza, kisha la pili. Turubai likalala chini bapa kama ngozi. Mpimaji alikuwa anasikiliza ule mlio wa chuma kikitoka, akanyoosha mikono kuyapokea.

Waliunga mabomba, wakafunga sahani na redio juu, wakasimamisha mlingoti ndani ya ufa. Kichuguu akaushindilia kwa mawe aliyoyapigilia kwa mawe mengine. Kamba wakaikata tatu, wakaifunga kwenye vichwa vya miamba, wakaivuta mpaka ikalia; bomba lenyewe bado liliweza kuzungushwa kwa nguvu. Ule mti mmoja aliukata kwa panga lililokuwa butu, anakata anapumzika, anakata anapumzika, mpaka ukaanguka kwa kumhurumia.

Halafu akaichukua dira, akatembea nyuma mbali na chuma, mbali, mpaka Mpimaji akawa kivuli. Safari hii aliiacha sindano itulie kwanza. "Mji uko mashariki, kusini kidogo," Mpimaji alikuwa amemwambia. Akapiga kelele: "Zungusha kushoto! Kidogo! Umezidi!"

Mpimaji akaunganisha betri na redio na kile kisanduku. Ile redio ilikuwa na kawaida ya kulia inapotafuta mwenzake: mlio mmoja mmoja ikiwa mbali, milio ya kufuatana ikikaribia. Mpimaji aliegemeza sikio kwenye bomba, akafumba macho yasiyomfaa, akawa anauzungusha mlingoti kwa upana wa unywele.

Ti.

Upepo.

Ti. Ti.

"Betri imelowa," alisema. "Haina muda."

"Usiseme na mimi. Sema nayo."

Ti, ti. Kisha kimya. Akarudisha. Ti-ti. Akasogeza. Ti-ti-ti-ti, kama kifaranga aliyemwona mama yake. Akauachia mlingoti kwa mikono iliyotanda hewani, anaogopa hata kuupulizia.

Simu yake ikatetemeka ndani ya mfuko wa plastiki. Ikatetemeka tena, tena, salamu zote za dunia zilizokuwa zinangoja. Kichuguu akaipokonya, akapiga.

"Naona mmewaka," alisema mkuu wa mitambo kule mjini, mtu aliyekuwa anakula kitu. "Lakini mawimbi hafifu sana. Nyinyi mko kwenye alama kweli? Mbona namba haziendani na mchoro?"

"Kaka," Kichuguu alisema, "weka hicho unachokula chini, unisikilize."

Alimweleza mlima, gari, mguu, homa. Alimweleza bega la mwamba, chini ya kilele, upande wa nyika, penye genge. Mkuu wa mitambo hakuuliza namba tena. Alisema watu wa zahanati ya bonde watapanda kwa njia ya wachunga mbuzi, wasihame, wawashe moto kama wanaweza. Betri ikafa akiwa katikati ya pole.

Moto hawakuweza. Waliloweka kitambaa kwenye maji ya mvua yaliyotiririka mwambani, wakamkamulia Debe mdomoni, na kila ukungu ulipopungua Kichuguu aliita. Sauti ilipoisha aligonga bomba kwa jiwe. Mchana ukapita, mrefu kama foleni. Mpimaji alimpokea kugonga, yeye akampokea Mpimaji, na kati ya zamu na zamu walikuwa wanaweka mkono kwenye kifua cha Debe, kuona kama kinapanda.

Kilikuwa kinapanda.

Watu walikuja wakifuata ule mlio, wanaume wanne na mganga wa zahanati, mwanamama aliyepanda na mkoba kichwani bila kuhema. Aliufungua mguu, akaunusa, akaunusa tena. Kichuguu alimtazama pua kuliko alivyowahi kumtazama mtu yeyote.

"Huu tunao," mganga alisema. "Kesho tusingekuwa nao. Nani alichagua hapa?"

"Mimi."

"Pabaya kupafika," alisema, tayari anavuta dawa kwenye bomba la sindano. "Lakini sisi tumewasikia tangu tukiwa kisimani."

Walimfunga Debe kwenye machela ya mbao. Walipomgeukia Kichuguu wamwambie twende, walimkuta amelala ameukumbatia mlingoti, mdomo wazi, anakoroma kama jenereta. Ilibidi mmoja ambebe mgongoni, na aliyembeba analisimulia jambo hilo mpaka leo, na kila mwaka uzito unaongezeka.

Mguu wa Debe ulipona ukiwa mfupi kidogo. Gari haendeshi tena. Anakaa zahanati ya bonde anasimamia betri na kuwasemesha wagonjwa wasiotaka kusemeshwa. Mchoro wa ofisini ulitaka mlingoti uhamishiwe jabalini, kwenye rangi nyekundu. Mpimaji, na miwani mipya, akauchora mchoro upya, akatia sahihi, akasema kama kuna mtu anataka kuuhamisha apande akauhamishe wakati wa mvua.

Kichuguu anaendelea na kazi. Wiki chache baadaye walimpeleka kilima kingine, kizuri, kipana, kimeangalia kila upande. Vijana wa ofisini wakasifu mandhari, wakatoa rangi. Yeye akavua kofia, akajilaza ubavu katikati ya saiti, shavu likagusa udongo, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mama, umechoka?" mmoja akauliza.

"Sana," alisema, bila kuinuka. "Nyamazeni kwanza. Nataka kujua mtu akiletwa hapa mgonjwa, atakaaje."

Wakasubiri. Chini ya sikio lake, mahali fulani ndani ya kilima kile kizuri, maji yalikuwa yanapita.

"Wekeni rangi mfukoni," alisema. "Hapa sipo."